Mwangwi Ndani ya Ekzosi

Pikipiki ikipungua nguvu, fundi hutazama plagi, husafisha kabureta, hupima mgandamizo wa silinda, na mwisho kabisa, akiwa amechoka, hugeukia ekzosi. Huko hafiki kwa heshima ile aliyoiendea kabureta. Ekzosi hutobolewa, hukatwa mkia, hutolewa matumbo, au hutupwa kabisa na mahali pake pakachomelewa kipande cha bomba la maji. Fikra inayouongoza msumeno ni moja: moshi ni uchafu, na uchafu ukipewa njia pana utatoka upesi, injini itapumua. Kwa injini za mipigo minne, ambazo ndizo zilizojaa kwenye vijiwe vya boda vya Dodoma leo, fikra hiyo ina chembe ya ukweli. Kwa injini za mipigo miwili, zile ambazo watu huzijua kama injini za kuchanganya oili na petroli, fikra hiyo inakwenda kinyume na kazi ya bomba lenyewe. Ekzosi ya injini hizi ni kiungo cha kufanyia kazi kama ilivyo pistoni. Ina urefu uliopimwa, unene uliopimwa na umbo lenye sababu, na anayeikata bila kupima amebadilisha injini yake bila kujua ameibadilisha kuwa nini. Hapa kwenye uwanda wa juu wa kati wa Tanzania, kosa hilo lina sababu zake za pekee na lina gharama zake za pekee.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa pikipiki za kuchanganya oili zimekwisha. Zimepungua kweli. Zamani bwana shamba, mhudumu wa afya au padri wa kigango cha mbali alipanda Yamaha DT125, au AG100 iliyoundwa kwa ajili ya kazi za shamba, au Suzuki TF125, zote za mipigo miwili. Leo wengi wao wamehamia kwenye pikipiki za Kihindi na Kichina za mipigo minne. Bajaji nazo zilianza na injini ya mipigo miwili kabla ya kiwanda kubadilisha. Lakini pikipiki hizo za zamani ni ngumu kufa, na nje ya barabara injini hizi hazijaondoka hata kidogo. Chensoo inayopasua mbao ni ya mipigo miwili. Jenereta ndogo ambayo kila mtu huiita 950, ile inayowasha taa za kibanda cha chipsi umeme unapokatika, ni ya mipigo miwili. Mashine ya kunyunyizia dawa inayobebwa mgongoni, yenye injini na feni, ambayo mkulima wa zabibu huitegemea ukungu unapotishia mizabibu, ni ya mipigo miwili. Ukihesabu injini badala ya pikipiki, utaona kwamba bado tunaishi nazo, na nyingi zipo mikononi mwa watu ambao injini moja ikiharibika mapato ya msimu yanayumba.

Ili kuelewa ekzosi, yafaa kwanza kuuelewa udhaifu wa injini yenyewe. Injini ya mipigo minne ina vali. Pistoni hupanda mara moja kwa kazi maalumu ya kuusukuma moshi nje, vali hufunga, kisha hewa mpya huingia. Injini ya mipigo miwili haina vali za namna hiyo wala haina mpigo wa kufukuza moshi. Ina matundu yaliyochongwa kwenye ukuta wa silinda, na pistoni yenyewe ikipanda na kushuka ndiyo inayoyafungua na kuyafunga. Inaposhuka hufungua kwanza tundu la moshi, kisha, muda mfupi baadaye, hufungua matundu ambayo mchanganyiko mpya wa hewa, petroli na oili huingilia kutoka chumba cha chini cha injini. Kwa hiyo kuna muda ambao mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea yote miwili iko wazi. Mchanganyiko mpya unaingia ukiufukuza moshi, na sehemu yake inatoka nje pamoja na moshi huo bila kuchomwa. Katika injini za kabureta hasara hii inaweza kufikia theluthi ya petroli yote, na wakati mwingine kupita hapo. Mwendeshaji ameinunua petroli hiyo, ameibeba, kisha ameimwaga barabarani kama mvuke. Kibaya zaidi, pistoni inapopanda, tundu la kuingilia hufungwa kwanza na tundu la moshi hufungwa mwisho, kwa hiyo mchanganyiko uliokwisha kuingia bado una nafasi ya kutoroka. Katika injini za kawaida za namna hii hakuna kitu cha chuma kinachouziba mlango huo kwa wakati unaotakiwa. Kinachoweza kuuziba ni mwangwi.

Aliyewahi kupiga kelele mbele ya Jiwe la Simba, au mbele ya majabali mengine yoyote ya Ugogo, anajua kwamba sauti huenda, hugonga, na kurudi. Sauti ni wimbi la mgandamizo linalosafiri hewani. Katika hewa ya kawaida huenda mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo jabali lililo mita 170 mbele yako litakurudishia sauti baada ya sekunde moja. Ndani ya ekzosi jambo ni lile lile. Tundu la moshi linapofunguka, mgandamizo mkubwa uliokuwa ndani ya silinda hutoka kwa kishindo, na kishindo hicho ni wimbi linalokimbia ndani ya bomba kwa kasi kubwa kuliko moshi wenyewe. Kwa kuwa gesi hizo zina joto, wimbi huenda kasi zaidi: kwenye nyuzi joto 400 hukaribia mita 520 kwa sekunde. Sasa, wimbi likikutana na mahali ambapo bomba linapanuka, hurudi likiwa limegeuka kuwa mvuto, na likikutana na mahali ambapo bomba linafinyaa, hurudi likiwa bado ni msukumo. Hiyo ndiyo sababu ekzosi nzuri ya mipigo miwili ina umbo la samaki mwenye mimba: shingo ndefu kutoka kwenye silinda, kisha koni inayopanuka, kisha tumbo, kisha koni inayofinyaa, na mwisho mkia mwembamba. Koni ya kwanza hurudisha mvuto unaouvuta moshi nje ya silinda na kuuita mchanganyiko mpya uingie kwa wingi. Koni ya pili hurudisha msukumo ambao, ukifika kwa wakati, huukuta mchanganyiko ulioanza kutoroka na kuurudisha ndani ya silinda muda mfupi sana kabla pistoni haijaufunga mlango. Mkia mwembamba huacha gesi zitoke taratibu ili mgandamizo wa ndani ya tumbo ubaki wa kiasi kinachofaa.

Yote haya yanategemea kufika kwa wakati. Chukua injini ya mfano ambayo tundu lake la moshi hukaa wazi kwa nyuzi 180, yaani nusu ya mzunguko. Injini hiyo ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, mlango uko wazi kwa kama sekunde 4.3 za elfu. Ndani ya muda huo wimbi lazima liende hadi kwenye koni inayofinyaa na kurudi. Hesabu yake si ngumu: zidisha kasi ya wimbi kwa nyuzi ambazo tundu liko wazi, kisha gawanya kwa mizunguko ya injini kwa dakika iliyozidishwa mara 12. Mita 520 mara 180, gawanya kwa 84,000, unapata mita 1.11 kutoka kwenye uso wa pistoni hadi katikati ya koni ya mwisho. Injini hiyo hiyo ukitaka ivute vizuri kwenye mizunguko 5,500, bomba litataka mita 1.42; ukitaka ipae kwenye mizunguko 9,000, litataka sentimita 87 tu. Wagogo wana ilimba, chombo ambacho marehemu Hukwe Zawose alikifikisha kwenye majukwaa ya dunia, na kila mpigaji wa ilimba anaujua ukweli huu kwa vidole vyake: ulimi mmoja wa chuma una urefu mmoja na sauti moja, na ukiusogeza kidogo ndani au nje, sauti inahama. Ekzosi nayo ina urefu mmoja na kasi moja inayoipenda. Ukikata sentimita 10 kwenye shingo ya bomba la mfano wetu, kilele cha nguvu kinahama kutoka mizunguko 7,000 kwenda karibu 7,700. Labda ndiko unakotaka kwenda. Lakini kama matundu ya silinda, kabureta na gia vimepangwa kwa ajili ya 7,000, umekwenda huko peke yako. Chini ya hapo mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu injini ikizunguka polepole mwangwi hurudi mapema mno, wakati mchanganyiko mpya bado unaingia, na badala ya kuuziba mlango wa kutokea unaupiga kifuani mgeni anayeingia.

Elimu hii haikupatikana kwa kubahatisha. Katika miaka ya 1950, katika kiwanda cha pikipiki cha MZ mjini Zschopau, Ujerumani Mashariki, mhandisi Walter Kaaden alikuwa na bajeti ndogo na vyuma visivyo vya hali ya juu, akishindana na viwanda tajiri vya Italia na Japani. Alichofanya ni kuyafuatilia mawimbi ndani ya bomba kwa kifaa cha kuchora mapigo ya umeme kwenye kioo, akarekebisha umbo la ekzosi sambamba na matundu ya silinda na njia ya kuingizia hewa, mpaka mwangwi ulipofika pale alipoutaka. Kufikia 1961 injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilikuwa ikitoa nguvu farasi 25, yaani nguvu farasi 200 kwa kila lita ya ujazo, kiwango ambacho injini isiyotumia hewa ya kusukumwa haikuwa imekifikia kabla yake. Septemba mwaka huo mwendeshaji wake mkuu, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden na kujiunga na Suzuki ya Japani, akiwa amebeba siri hizo. Mwaka uliofuata Suzuki na Degner wakatwaa ubingwa wa dunia wa daraja la sentimita 50. Elimu ikaenea Japani, na mwaka 1968 Yamaha ikatoa DT-1, pikipiki ya njia mbovu yenye ekzosi ya matumbo, ambayo DT125 ya mabwana shamba wetu ni mjukuu wake. Bomba ambalo fundi wa mtaani analitazama kama bati lililovimba, limetokana na miaka ya upimaji, na siri zake zilikuwa na thamani ya kutosha kuvukishwa mipaka ya nchi.

Hapa mtu mwenye akili ataleta pingamizi la haki: bomba la kiwandani si takatifu. Limetengenezwa liwe la bei nafuu, lisipige kelele, lipite chini ya kiti, limfae mtu wa Osaka na mtu wa Mpwapwa kwa pamoja. Wanaoshindana motokrosi, kama watoto wanaoendesha pikipiki za sentimita 65 na 85 kwenye uwanja wa Garuga, Uganda, hubadilisha mabomba na kupata faida. Ni kweli kabisa, na mimi sipingi kubadilisha. Ninachopinga ni kubadilisha kitu kimoja na kuviacha vingine vilivyo. Mshindani anayefunga bomba jipya hubadilisha jeti ya kabureta siku hiyo hiyo, hubadilisha sproketi ili injini ikae kwenye kasi ambayo bomba linaipenda, na mara nyingi huchonga matundu ya silinda upya. Tena anajua anachopoteza: bomba linalotoa nguvu nyingi kwenye mizunguko ya juu huitoa katika eneo jembamba, na chini yake injini inakuwa kama imelala. Kwa mtu wa mashindano hilo linavumilika. Kwa mtu aliyebeba gunia la mtama akipandisha vilima vya Chenene kwenye gia ya pili, halivumiliki. Yeye anahitaji bomba refu lenye koni za polepole, linalotoa nguvu kidogo kidogo kwa upana, na hilo ndilo lililokuja na AG100 yake tangu kiwandani. Aliyelikata ameikata sehemu ya injini iliyokuwa imefikiriwa kwa ajili yake.

Sasa tuje kwenye uwanda wenyewe, maana hapa ndipo ushauri wa vitabu vya nje haumtoshi mtu wa Dodoma. Mji huu uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Singida iko juu zaidi, yapata mita 1,500. Katika mwinuko wa Dodoma hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na kifaa cha kusukuma hewa hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo hata ikiwa nzima kabisa. Mwanafizikia atasema, na atakuwa sahihi, kwamba mwinuko hauubadilishi mwangwi, kwa sababu kasi ya wimbi inategemea joto la gesi na si wingi wa hewa. Lakini mwinuko hubadilisha joto hilo kwa njia ya kuzunguka. Kabureta ya kawaida haijui kwamba imepanda mlima. Inaendelea kutoa petroli karibu kama ilivyokuwa pwani wakati hewa imepungua, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito kwa petroli, takribani asilimia 5 kwa mwinuko wa Dodoma. Mchanganyiko mzito huungua kwa joto la chini, gesi za moshi zinapoa, na mwangwi unapunguza mwendo. Joto la bomba likishuka kutoka nyuzi 400 hadi 350, kasi ya wimbi hushuka kutoka mita 520 hadi 500, na bomba la mizunguko 7,000 linageuka kuwa bomba la mizunguko 6,730. Kwa hiyo pikipiki iliyopangwa pwani ikifika Dodoma inapungukiwa mara mbili: hewa ni chache, na bomba na injini havisikilizani tena kama vilivyokuwa. Historia ya uwanda huu imewahi kutoa somo la namna hii kwa bei kubwa zaidi, pale Waingereza walipoleta Kongwa kuanzia 1947 matrekta na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta kwa ajili ya mradi wa karanga, wakagonga udongo unaokuwa mgumu kama saruji kiangazi, wakaacha mwaka 1951 baada ya kuteketeza zaidi ya paundi milioni 30.  Mitambo ile haikuwa imepimwa kwa ardhi hii.

Kutokana na mchanganyiko huo mzito unaanza mnyororo wa matukio ambao, kwa maoni yangu, ndio unaoua injini nyingi. Petroli iliyozidi haiungui yote, na oili iliyomo ndani yake haiungui yote. Masizi yenye mafuta yanajenga ukuta kwenye tundu la moshi, kwenye koni na hasa kwenye mkia. Hali huwa mbaya zaidi pale mtu anapochanganya oili kwa kukadiria kwa jicho, akiamini kwamba ikizidi ndiyo salama zaidi. Mashine ya kisasa inayotaka mililita 20 kwa lita moja inapewa 40 au 50. Miezi ikipita, mkia uliokuwa na nafasi ya kidole gumba unabaki na nafasi ya penseli. Mgandamizo unajaa tumboni, injini inapata joto, inakataa kupandisha mizunguko. Mwenye pikipiki anasema ekzosi imebana, na hapo yuko sahihi. Fundi anakata. Pikipiki inakimbia kuliko ilivyokuwa asubuhi, na wote wawili wanaondoka wakiwa wamethibitishiwa kwamba kukata ndiyo dawa. Lakini walichokilinganisha ni bomba lililokatwa na bomba lililoziba. Hakuna aliyelinganisha bomba lililokatwa na bomba lililosafishwa. Kisha pikipiki ile, ikiwa na bomba lililo wazi ambalo mara nyingi hufanya mchanganyiko uwe mwepesi, inapakiwa mzigo na kushuka Morogoro hadi pwani, ambako hewa nzito inaufanya mchanganyiko uwe mwepesi zaidi. Petroli ni chache, oili inayokuja nayo ni chache, joto ni kubwa, na pistoni inashika kwenye ukuta wa silinda. Watu watasema injini imenoki kwa sababu ya umbali, au spea ilikuwa feki. Msumeno wa wiki iliyopita hautajwi.

Hoja ya sauti nayo inahitaji kujibiwa, kwa kuwa ina nguvu kubwa mitaani kuliko hoja yoyote ya kitabu. Bomba lililokatwa linanguruma, na sikio la binadamu husikia mngurumo kama nguvu. Lakini kelele ni nini? Ni lile lile wimbi la mgandamizo, lililotoka nje na kutawanyika juu ya paa za mitaa ya Majengo na Chang'ombe badala ya kurudi kwenye silinda kufanya kazi. Katika injini ya mipigo miwili iliyokatwa koni zake, mngurumo mkubwa ni ushahidi wa mwangwi uliopotea. Anayetaka kuhakikisha hahitaji maabara. Apande mlima ule ule, na mzigo ule ule, kwa lita moja iliyopimwa, mara tatu akiwa na bomba zima lililosafishwa na mara tatu akiwa na lililokatwa, aandike muda na umbali. Karatasi itajibu kile ambacho sikio haliwezi.

Chensoo na jenereta zinastahili neno lao, kwa sababu huko kanuni inabadilika sura. Chensoo haina nafasi ya bomba la mita moja. Ina kisanduku tu, na mwangwi haufanyi kazi kubwa ndani yake. Jenereta ya 950 nayo huzunguka kwa kasi moja ya mara 3,000 kwa dakika ili itoe umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, na mtengenezaji ameridhika na kisanduku. Mtu angeweza kudhani kwamba hapa basi kutoboa hakudhuru. Kwa mwangwi, hakudhuru sana. Kwa mchanganyiko, kunadhuru: chensoo huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na ukiufungua mlango wa moshi bila kugusa skrubu ya kabureta, mchanganyiko unakuwa mwepesi na pistoni inaweza kushika ndani ya dakika chache za kazi ngumu. Kuna pia kile kijiwavu kidogo cha chuma kwenye mdomo wa kisanduku, ambacho huziba kwa masizi na kwa sababu hiyo hung'olewa na kutupwa. Kimewekwa pale kuzuia cheche. Mwezi wa Septemba, nyasi za uwanda huu zikiwa kavu kama karatasi, cheche moja kutoka kwenye chensoo isiyo na wavu inaweza kuchukua msitu, malisho na mizinga ya nyuki ya kijiji kizima. Wavu huo husafishwa kwa brashi ya waya kwa dakika tano.

Pingamizi la mwisho ni lile linaloniumiza zaidi, kwa sababu linasemwa na mafundi wenyewe: kwamba mahesabu haya ni ya Wazungu na Wajapani wenye kompyuta, na fundi wa chini ya mwarobaini hawezi kuyafanya. Kaaden hakuwa na kompyuta ya leo. Hesabu ya urefu wa bomba niliyoitoa hapo juu inafanyika kwenye kikokotoo cha simu ya kitochi. Nyuzi za tundu hupimwa kwa karatasi ngumu iliyochorwa kipimapembe na kufungwa kwenye sumaku ya injini, na waya uliopindwa uwe mshale. Na koni? Nenda kwa mafundi bati sokoni utazame faneli, ndoo na makarai. Mtu anayekata bati bapa na kulikunja likawa faneli isiyovuja ameshajua kazi ngumu kuliko zote katika kutengeneza ekzosi ya mipigo miwili. Kilichobaki ni kumpa vipimo. Chuo cha ufundi stadi cha VETA kinafundisha ufundi wa magari na kinafundisha uchomeleaji, na kazi hii imekaa hasa katikati ya fani hizo mbili. Ningependa sana kuona bomba la AG100 lililooza likinakiliwa kwa usahihi wa milimita na kijana wa Dodoma, kwa bati jipya, kwa bei ambayo mkulima anaimudu, badala ya bomba la maji linalochomelewa kwa sababu bomba halisi halipatikani tena madukani.

Sitetei injini hizi kama injini safi. Hazikuwa safi, na petroli isiyochomwa inayotoka kwenye ekzosi zao huingia kwenye mapafu ya watu. Ndiyo maana nchi nyingi zimezibana. Lakini injini iliyopo kazini leo, yenye bomba linalolingana nayo, humwaga petroli kidogo kuliko ile ile ikiwa imekatwa bomba, na mpaka itakapobadilishwa hiyo ndiyo nafuu inayowezekana. Kwa hiyo injini ya kuchanganya oili ikiletwa kijiweni ikiwa dhaifu, msumeno ubaki ulipo. Bomba lifunguliwe, litazamwe mdomoni kama lina masizi, lichomwe moto taratibu nje ya kibanda mpaka masizi yakauke, ligongwe kwa nyundo ya mbao, limwagwe. Tundu la moshi kwenye silinda likwanguliwe pistoni ikiwa chini, kwa kijiti cha mti ili ukuta usichubuke. Jeti ikaguliwe kama ni ya pwani, na uwiano wa oili upimwe kwa chupa yenye alama. Kisha bomba lirudishwe na gasketi mpya, maana upenyo wa unene wa ukucha pale shingoni unatosha kuudhoofisha mwangwi. Mkia uzibwe kwa kitambaa, hewa kidogo ipulizwe kwa pampu ya baiskeli kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa chini, na shingo ipakwe povu la sabuni. Povu likitulia bila kutoa viputo, kitambaa kitolewe mkiani, plagi irudishwe na injini iwashwe.